Breki Zote Amebadilisha

Weka kwanza mkono juu ya injini. Kabla hujauliza bei, kabla mwenye gari hajaanza kukusimulia jinsi alivyoitunza kama mwanawe, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, rudi kwenu. Ameiwasha mapema ili usisikie inavyokohoa ikiwa baridi.

Haya ndiyo ninayowaambia watu wa mtaa wetu hapa Katuba wanapokuja kuniuliza habari za magari kuukuu. Huja na picha kwenye simu, gari limepita mpaka wa Kasumbalesa juzi, linang'aa kama sahani iliyooshwa. Nawaambia wafungue kifuniko cha oili na kutazama upande wake wa ndani: wakikuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji yameingia kwenye oili, waondoke. Nawaambia wakanyage pedali ya breki na kuishikilia, wahesabu polepole mpaka thelathini: ikizama, breki ni mbovu. Wananishukuru, na wengine wananiita fundi.

Sikuwa fundi kamwe. Nilikuwa karani. Maneno yote hayo ni ya kaka yangu, naye aliyasema Jumapili moja tu, kwa muda usiozidi saa moja, na mimi siku hiyo sikuwa nikimsikiliza. Nimeyakumbuka baadaye, moja baada ya jingine, kwa miaka mingi.

Wakati huo mji haukuwa unaitwa Lubumbashi. Baada ya uhuru jimbo letu lilikuwa limejitangaza kuwa nchi, lina bendera yake na stempu zake, na Wazungu wengi walikuwa wakifunga masanduku. Kila wiki tulisoma matangazo yaliyobandikwa kwenye milango ya maduka: friji, kinanda, vitanda vya watoto, magari. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza sekondari kwa mapadri, na nilikuwa nimepewa meza ya Mzungu aliyeondoka kwenye ofisi ya bima. Meza hiyo ilikuwa na droo tatu zenye funguo. Sikuwa na kitu cha kuweka ndani yake, lakini nilizifunga kila jioni.

Wazazi wetu walitoka Kasai. Baba alikuja kufanya kazi ya reli akafa ningali mdogo, na kaka yangu, aliyenizidi miaka tisa, akaacha shule darasa la nne na kuingia karakana ya reli mahali pa baba. Alianza kwa kufagia vyuma. Nilipofika sekondari alikuwa fundi anayeitwa na wakubwa wake wanaposhindwa. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu huku, naye aliniita mudogo. Kila muhula alinipeleka shuleni kwa baiskeli, sanduku langu likiwa limefungwa nyuma, na njiani aliniambia neno lile lile: "Soma, mudogo. Mi niko na mikono, weye uko na macho." Alikuwa anajua herufi, aliweza kuandika jina lake na kusoma namba za vyuma, lakini aliamini kwamba mtu aliyepita sekondari hakuna karatasi inayomshinda. Sikumwondolea imani hiyo. Ilinipendeza.

Ndoto yake ilikuwa kufungua karakana ndogo hapa Katuba, na alitaka tuungane, sisi wawili, tununue kamioneti kuukuu ya kubebea vyuma. Nilimwambia ndiyo. Halafu nikaona ile gari.

Ilikuwa ya Kiingereza, ya michezo, rangi ya kijani kama chupa ya bia, haina paa, ina viti viwili na magurudumu ya nyaya kama ya baiskeli. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji mhasibu aliyekaa Golf, mtaa wa Wazungu. Mkewe na watoto walikuwa wameshaondoka. Aliiuza kwa bei ambayo hata karani angeweza. Nilipita mbele ya nyumba hiyo siku nne mfululizo kwa baiskeli, nikijidanganya kwamba ndiyo njia ya kwenda kazini.

Nilimwomba yaya anisindikize Jumapili baada ya misa. Hakunigombeza juu ya kamioneti. Aliitazama gari kutoka mbali, kisha akanitazama mimi.

"Iko na viti viwili," alisema.

"Ndiyo, yaya."

"Na mama ataikala wapi? Juu ya magoti yako?"

Nikacheka. Yeye pia akacheka, akavua koti lake la misa, akalikunja, akaniwekea mikononi. Kisha akaanza kazi, akisema huku akitenda, kama mwalimu.

"Weka mukono kwa moteur. Iko baridi?"

"Iko baridi."

"Bon. Huyu Mzungu haiko mwizi."

Alilala chini ya gari juu ya gazeti. Aligonga kila waya wa magurudumu kwa spana, akitega sikio, maana waya uliolegea hautoi mlio. Alitia kidole ndani ya bomba la moshi na kukinusa. Alipitisha mkono juu ya tairi la mbele aone kama limelika upande mmoja. Mbelgiji alisimama kwenye ngazi, ana kikombe cha kahawa, na niliona kwamba anamheshimu mtu anayejua kazi. Lakini alipotaka kusema kitu alikisema kwangu, kwa Kifaransa, na aliniita monsieur, yaani bwana.

Nataka nieleze neno hilo, maana ndilo lililoniharibu. Hakuna Mzungu aliyekuwa ameniita hivyo kabla ya siku ile. Ofisini waliniita kwa jina la ubatizo, kama mtoto au mpishi. Huyu alisema monsieur, akasema vous, ile "ninyi" ya heshima, mbele ya kaka yangu. Nilihisi shati langu limenikaa vizuri zaidi.

Yaya alikuwa ameingia kwenye kiti cha dereva. Alikanyaga pedali ya breki akaishikilia kwa mguu, midomo yake ikihesabu bila sauti. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona goti lake likishuka kidogo kidogo, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani. Akakanyaga tena. Goti likashuka tena.

"Muulize kama iko na buku ya gari," alisema.

Mbelgiji akafurahi kuulizwa. Akaingia ndani, akarudi na daftari lenye jalada jeusi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Alisema ameandika kila kitu tangu siku ya kwanza: kila oili, kila plagi, kila hitilafu. Alisema nisome hasa ukurasa wa mwisho, aliuandika kwa ajili ya mnunuzi.

Nikafungua. Mwandiko ulikuwa mdogo, safi, wa wino wa buluu. Na haukuwa Kifaransa. Ulikuwa Kiflamandi, lugha yao Wabelgiji wa kaskazini, ambayo baadhi ya mapadri wetu waliizungumza mezani walipotaka tusiwaelewe. Miaka sita walinifundisha Kilatini, wakanifundisha hata majina ya mito ya Ulaya, lakini lugha ile hawakunifundisha neno lake moja.

Ningeweza kusema. Mbelgiji yule alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na nadhani hakufikiria tu. Mtu huandika daftari lake kwa lugha ya mama yake. Ningemwambia, pardon, mimi sisomi Kiflamandi, naye angetafsiri huku anakunywa kahawa. Dakika tano. Lakini alikuwa ameniita monsieur. Na ndani ya gari alikuwamo kaka yangu, amegeuza shingo, anangojea macho aliyoyalipia kwa mikono yake.

"Soma, mudogo," alisema.

Nikasoma. Nilipitisha kidole juu ya mistari, nikasema kwa Kiswahili: amebadilisha oili, amebadilisha plagi, amebadilisha mkanda. Tarehe niliziona, nikazitaja, ili uongo uwe na mifupa.

"Na juu ya frein, anasema nini?" aliuliza, akitaka habari za breki.

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Nikautazama kwa muda niliodhani ni wa kusoma.

"Amebadilisha zote," nilisema.

"Zote?"

"Zote, yaya. Iko mupya."

Yaya aliniangalia. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali. Kisha akatoka ndani ya gari, akafuta mikono, akafunga boneti taratibu kwa viganja viwili, bila kuipiga.

"Unaitaka sana?"

"Minaitaka."

"Bon," alisema, akachukua koti lake.

Mbelgiji alishuka ngazi kunipa mkono. "Mmeelewa yote, monsieur? Na ukurasa wa mwisho?" aliniuliza. Nilimjibu kwa Kifaransa changu kilicho bora kabisa kwamba nimeelewa barabara.

Katuba walitupokea kwa kelele. Wakati huo njia zetu zilikuwa na mifereji ya mvua yenye kina cha goti, na gari lile lilikuwa chini kiasi kwamba tumbo lake lilikwangua udongo mwekundu. Mama mmoja jirani aliyekuwa akikaanga vitumbua alisimama na kijiko mkononi. "Ii! Hii gari iko mutoto. Mama yake iko wapi, anakuya nyuma?" Watu wakacheka mpaka wakashika viuno. Mwingine akauliza kama nitaipa uji. Yaya alicheka kuliko wote. Nilikasirika, nikapiga honi.

Jioni hiyo aliniambia: "Uilete kwangu kesho, nifungue frein, niangalie tu."

"Iko mupya, yaya. Utafungua kitu mupya kwa nini?"

"Niangalie tu."

Nilisema sawa. Sikuileta. Kesho yake nilisema nina kazi, wiki iliyofuata nikasema tairi, kisha nikasema nimewaahidi marafiki. Ukweli ni kwamba nilijua akifungua na kukuta mpira wa ndani ni wa zamani, atajua nilidanganya. Kwa hiyo nililiweka gari mbali na mikono pekee iliyoweza kuliponya. Nililiendesha mjini chini ya miti ya jakaranda, na nilipotaka kusimama nilikanyaga mara mbili, baadaye mara tatu. Nilijiambia kwamba magari ya michezo ndivyo yalivyo.

Kitu kimoja zaidi. Chini ya kiti cha abiria kulikuwa na kitu kilichogongagonga barabarani. Siku moja, kwa sababu msichana niliyempakia alilalamika, nilipenyeza mkono nikatoa kisanduku cha karatasi ngumu, kizito, kimefungwa kwa uzi, kimetapakaa maandishi ya kiwandani. Sikukifungua. Nilikiweka nyumbani juu ya kabati, na makelele yakaisha. Nilifurahi kwamba na mimi nimetengeneza kitu.

Miezi hiyo mambo yalikuwa yameharibika kwa watu wenye asili yetu ya Kasai, tuliohesabiwa wageni katika nchi hiyo mpya. Majirani tuliokula nao walianza kutusalimu kwa sauti ndogo. Askari waliweka vizuizi barabarani, tulivyoviita barrage: mapipa mawili na mti katikati, leo hapa, kesho pale. Gari lililofika kwenye barrage lilipaswa kusimama mbali, dereva aonyeshe mikono. Kila mtu alilijua hilo, hata mtoto.

Jumapili moja, wiki ya tatu au ya nne baada ya kulinunua, nilikwenda kula kwa yaya. Mvua kubwa ikanyesha, njia ikawa tope, nikaliacha gari uani kwake, nikarudi kwa miguu. Niliacha ufunguo juu ya meza, kando ya sahani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliuacha. Labda nilikuwa nimechoka kumficha.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya king'ora cha karakana, yaya aliliwasha akaondoka nalo. Njia ya kutoka kwetu kwenda mjini inateremka kidogo kabla ya kufika reli. Mteremko mdogo tu, baiskeli huupanda bila kushuka. Barrage ilikuwa imewekwa pale usiku huo huo, chini kabisa, mahali ambapo Jumamosi hapakuwa na kitu.

Aliyeona ni jirani yetu mmoja aliyekuwa nyuma kwa baiskeli. Alinieleza siku hiyo hiyo, na ninaweza kurudia kila neno. Gari lilikuja polepole, katika gia ya kwanza, kama mtu anayebeba mayai. Askari kijana akainua mkono. Gari halikusimama. Yaya alianza kupiga honi, na mkono mmoja ukawa nje, ukipungia askari waondoke njiani. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, akikanyaga, akikanyaga. Askari walipiga kelele. Akavuta usukani kuelekea rundo la mchanga kando ya njia, na gari likageuka kulifuata rundo hilo. Askari waliona gari la Mzungu, lisilo na paa, ndani yake mtu mweusi anayewapigia honi, asiyetaka kusimama, na sasa anakwepa.

"Angefika kwa mchanga," jirani alisema. "Gari lilifika. Lilisimama lenyewe pale."

Huku kwetu, kwenye matanga, kabla ya kuzika, mtu wa familia husimama mbele ya watu wote na kueleza jinsi kifo kilivyokuja: alianza kuumwa siku fulani, akapelekwa hapa, akasema neno hili la mwisho. Bila maelezo hayo watu hawatulii, maana kifo kisichoelezwa humtafuta wa kumshika. Wajomba walinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma.

Mama alikaa chini juu ya mkeka, kichwa wazi. Mke wa yaya alikaa karibu naye, ana mimba ya miezi mitano na mtoto wa miaka miwili amelala mapajani. Nikasimama. Nilisema aliamka asubuhi kwenda kazini kama kila siku. Nilisema alifika kwenye barrage. Nilisema askari walimpiga risasi kwa sababu ya asili yake. Watu waliguna, wanawake wakalia, na mjomba mmoja akatikisa kichwa kwa uchungu akasema, "Njo vile. Batatumaliza," yaani ndivyo hivyo, watatumaliza. Hakuna aliyeuliza kwa nini gari halikusimama. Nyakati zilikuwa zimeshatoa jibu, na mimi nililitumia.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kusoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Sisemi askari wale hawakuwa na kosa. Walikuwa na bunduki na walikuwa na hofu, na kwa miaka mingi niliwachukia kwa moyo wote. Ilikuwa chuki ya kupumzikia. Baada ya wiki chache tulikimbilia kambini, chini ya ulinzi wa askari wa kofia za buluu, tukalala chini ya maturubai pamoja na maelfu ya watu wa asili yetu, na huko kifo cha yaya kilikuwa kimoja kati ya vingi. Kila hema lilikuwa na chake. Gari lilibaki pale kwenye mchanga mpaka watu walipong'oa magurudumu, viti, na mwishoe hata injini. Mimi nilibaki na daftari, kwa kuwa lilikuwa ndani ya koti langu, na mama, alipofunga vitu haraka, alikitupa kile kisanduku ndani ya fungu la sufuria, akidhani ni kitu changu cha maana.

Mke wa yaya hakurudi Kasai kama wengine. Alijifungua salama kambini, na utengano ulipokwisha alirudi Katuba akauza samaki wakavu, akawalea watoto wawili. Nilimsaidia nilivyoweza. Watu walinisifu. Kila sifa niliipokea kwa kichwa kilichoinama, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Miaka ishirini hivi ilipita kabla sijathubutu. Nilikuwa nimepata kazi ya kupanga majalada chuo kikuu, kule Kasapa, na palikuwa na padri mzee aliyefundisha pale, Mbelgiji wa kaskazini. Mchana mmoja nilimpelekea daftari. Nilimwambia ni la rafiki. Alivaa miwani, akaanza kunisomea ukurasa kwa ukurasa, akitabasamu. Alisema mtu huyu alilipenda gari lake. Alipofika ukurasa wa mwisho aliacha kutabasamu, akasoma mara moja kimyakimya, kisha akanitafsiria:

"Kwa mnunuzi. Pampu kuu ya breki inavuja kwa ndani. Pedali ikishikiliwa inashuka. Msiliendeshe mbali kabla ya kuibadilisha. Pampu mpya nimeshaiagiza, imefika, iko ndani ya kisanduku chini ya kiti cha abiria. Fundi mzuri ataifunga kwa saa moja. Samahani, mimi sikupata muda."

Padri aliuliza kama rafiki yangu alipata fundi mzuri. Nilisema ndiyo.

Nilipofika nyumbani nilikata ule uzi. Pampu ilikuwa imelala ndani ya karatasi ya mafuta, inang'aa, haijaguswa na mtu.

Nilingoja tena. Sitajitetea. Nilingoja mpaka mama akafa, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kutembea kwa fimbo. Mwaka jana, mvua zilipokwisha, nilisikia kwamba shemeji yangu, mke wa yaya, kuna siku hatoki tena kitandani. Nikaogopa kwamba atakwenda na maelezo yangu ya uongo, akampelekee yaya. Nikachukua daftari na kisanduku, nikaenda.

Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza, amejifunika kitenge mabegani, anachambua maharagwe kwa vidole, maana macho yake hayaoni vizuri. Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwambia yote kwa mpangilio, kama nilivyopaswa kusimama na kusema siku ya matanga: pedali, daftari, monsieur, kidole juu ya mistari, kisanduku. Mikono yake haikuacha maharagwe.

Nilipomaliza alisema, "Mulamu," yaani shemeji, "mi nilijua."

Nilidhani hajasikia vizuri. Akarudia.

"Yaya wako aliniambia siku ile ile. Alitoka kwa Mzungu, akavua viatu, akaniambia: mutoto hakusoma ile buku. Akasema, mi niliangalia macho yake. Mutu akisoma, macho inatembea. Yake ilisimama pa moya."

"Kwa nini hakusema pale pale?"

"Mbele ya Mzungu?" Alinigeuzia uso kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Atakupatisha haya mbele ya Mzungu, weye wenye alikusomesha? Alisema, ataniambia yeye mwenyewe. Njo alikungojea. Kila Jumapili aliweka bafunguo yake pale inje, juu ya gazeti, yote tayari. Anakaa. Mi namuambia, ingia ukule. Anasema, mudogo atapita."

Nilikumbuka gazeti hilo. Nilikuwa nimeliona, Jumapili ile ya mvua, na bisibisi na spana zimepangwa juu yake kwa ukubwa, na yeye akizikusanya haraka matone yalipoanza. Nilidhani alikuwa akitengeneza baiskeli.

"Asubuhi ile," aliendelea, "aliona ufunguo kwa meza. Akasema, labda njo namna yake ya kuniambia. Akasema anaipeleka karakana, atafungua ile frein mbele ya kazi kuanza, jioni atakurudishia, na hatasema kitu. Alitaka ukute tu inasimama muzuri."

Kule ng'ambo ya njia mtu alikuwa akijaribu kuwasha gari, likawa linakohoa, linakataa.

"Uko nayo, ile buku?" aliuliza.

Nikampa. Aliipapasa, akanirudishia.

"Soma. Ile ya mwisho."

Sikuhitaji kulifungua, lakini nilifungua. Niliweka kidole juu ya mstari wa kwanza na kumsomea kwa Kiswahili yaliyoandikwa, mpaka kwenye samahani ya yule Mbelgiji. Shemeji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama yaya alivyosikiliza zile nyaya za magurudumu.

"Saa moya," alisema.

"Ndiyo. Saa moja."

"Alikuwa nayo. Alikuwa na Jumapili tatu nzima."

Aliomba kisanduku. Alitoa pampu kwenye karatasi yake, akaigeuza, akapitisha kidole ndani ya tundu. Kidole kikatoka na unga mweusi. Mpira wa ndani ulikuwa umeoza wenyewe, kwa kukaa tu, bila kufanya kazi hata siku moja. Alikifuta kidole kwenye kitenge, akaiweka pampu kwenye ungo, katikati ya maharagwe, akaendelea kuchambua kuizunguka.